Hotuba juu ya Kutunza Vitu Visivyotumika Kila Siku

Iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kasulu na Kibondo



Tulipotakiwa na Kamati kusema maneno machache katika mkutano huu, wengine walidhani ya kwamba tutasema juu ya mishahara, ama juu ya nyumba, ama juu ya uhamisho. Mambo hayo ni makubwa, nayo yana wasemaji wake. Sisi twaomba ruhusa kusema juu ya jambo dogo lililomo katika nyumba ya kila mmoja wetu, uvunguni mwa kitanda, juu ya dari na nyuma ya mlango wa stoo. Yaani vile vitu ambavyo havitumiki kila siku, na jinsi ipasavyo kuvipanga na kuviweka. Twaomba msicheke mpaka tumalize.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na neno hilo latuhusu sana sisi makarani. Mtu akifika masjala na kuuliza barua ya miaka saba iliyopita, karani mwema hutazama daftari, huenda kwenye kabati, na kabla mgeni hajaketi sawasawa faili limekwisha kuwekwa mezani. Karani huyo huyo akirudi nyumbani jioni, umeme ukizimika, hajui taa iko wapi. Akiiona taa, haoni kiberiti. Na akiviona vyote viwili, hapana mafuta. Kazini tu hodari, nyumbani tu wageni katika vitu vyetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alifariki dunia akiwa bado kazini katika nyanda hizi. Hatutamtaja jina. Alikuwa mtumishi wa miaka mingi, na baadhi yetu tuliopo hapa tulifundishwa naye kazi ya masjala. Baada ya matanga, mjane wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya usimamizi wa mirathi, kama ilivyo sheria, akapata barua yake. Kisha akaambiwa alete cheti cha ndoa, barua ya kwanza ya mumewe ya kuajiriwa, na barua ya kuthibitishwa kazini. Mama yule akatujia, akasema, “Baba watoto aliniambia vyote vimo sandukuni, lakini mimi sizijui karatasi hizo, wala hakunionyesha hata siku moja.”

Tukaenda watu watatu kumsaidia. Sanduku lilikuwa la mbao, limekaa uvunguni juu ya sakafu ya udongo. Tulitoa blanketi, tukatoa koti la harusi, redio yenye betri zilizovuja, chandarua kipya ambacho hakijafunguliwa, na sufuria kubwa ya shughuli ambayo ndani yake panya alikuwa amezaa. Karatasi zilikuwa chini kabisa. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao, wakaingia. Tulipoinua bahasha ziliinuka kingo tu. Katikati palikuwa udongo. Mama yule alitutazama, nasi hatukuwa na neno la kumjibu. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa habari ya sanduku si habari ndogo.

Basi kwanza na tutazame nchi yenyewe tunayokaa. Mvua za nyanda hizi huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, nazo huendelea hata Mei. Katika miezi hiyo ukungu huingia ndani ya nyumba, nguo iliyokunjwa huota kuvu, ngozi ya kiatu hugeuka kijani, na kufuli hushika kutu. Kisha huja kiangazi tangu Juni hata Septemba, vumbi jekundu likapenya kila ufa, na moto wa nyasi ukawa hatari kwa nyumba za kuezeka. Pori letu la miyombo limejaa vichuguu. Kumbikumbi wanaporuka watoto hufurahi, lakini hao ni ndugu zake mchwa aliye chini ya sakafu zetu, naye hafanyi sikukuu. Ongezeni panya, mende na nondo, mtaona ya kuwa kitu kilichowekwa na kusahauliwa hakikai salama, bali kinaliwa polepole mbele ya macho ya mwenyewe.

Tena nchi hii ni nchi ya kuhama. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Buha walitolewa katika mapori yao wakakusanywa pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Vijana wengi wa Kiha walikwenda mbali kukata mkonge, hata Tanga, wakarudi na mizigo yao. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamia vijijini. Mwaka 1996 ndugu zetu wa Kongo, hasa wa upande wa Uvira na Fizi, walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu (twasema hii ya Kasulu, si ile ya Geita penye dhahabu). Na mwaka 2015 wakaja Warundi wengi, kambi ikafurika. Na sisi watumishi tu watu wa barua ya uhamisho: leo Kasulu, kesho Kibondo, kesho kutwa Mtwara. Mtu wa kukaa mahali pamoja maisha yake yote aweza kutegemea kumbukumbu ya kichwa chake. Mtu wa kuhama yampasa kuwa na mpango.

Katika kambi ya Nyarugusu sisi wenyewe tumejifunza jambo. Tulimwona mzee mmoja akitoa cheti chake cha shule alichovuka nacho ziwa mwaka 1996. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya mfuko wa pili, vimefungwa kwa uzi na kutiwa katika kopo la maziwa lenye kifuniko. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, na mvua ilikwisha kuiangusha mara moja. Cheti kilikuwa kisafi kuliko vyetu. Tukamwuliza siri yake, akajibu ya kwamba katika safari ile mtu aliacha vyungu, aliacha mbuzi, lakini jina lake hakuliacha. Tulirudi kimya siku ile.

Sasa na tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutoa vitu vyote nje. Chagueni siku ya jua, tandikeni mkeka uani, mtoe kila kilichomo uvunguni, darini na stoo. Msipange kitu mahali pa giza bila ya kukiona kwanza. Kisha gaweni mafungu manne. Fungu la kwanza ni vitu vya kuweka. La pili ni vitu vizima ambavyo hamvihitaji tena. Hivyo wapeni jirani, kwa maana viatu vya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima havitakua pamoja naye. La tatu ni vitu vya kutupa: chungu kilichovunjika, dawa zilizopita tarehe, na waya za kitu ambacho hakuna amjuaye. La nne ni amana za watu, nalo tunaliweka peke yake kwa makusudi.

Katika nyanda hizi watu wengi huweka mali zao kwa jirani wanapoondoka. Mtumishi ahamaye humwachia mwenzake kitanda. Mkimbizi arudiye kwao humwachia rafiki cherehani. Amana isichanganywe na mali ya nyumba. Ifungiwe kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, tarehe aliyoiacha, na hali iliyokuwa nayo siku hiyo. Tumeona urafiki wa miaka 10 ukivunjika kwa ajili ya baiskeli iliyorudishwa bila kengele, na hapana aliyejua kama kengele ilikuwapo.

Hatua ya pili ni kusafisha na kukausha. Nguo iliyowekwa na jasho au doa la chakula huwaita nondo na mende. Ifuliwe, ikaushwe kabisa, ndipo ikunjwe. Blanketi lianikwe juani mchana kutwa. Katika mikunjo tieni majani ya mwarobaini yaliyokauka, ama kafuri iliyofungwa katika kitambaa. Lakini zile tembe nyeupe za kuulia nondo ni sumu, nazo mtoto huzidhani peremende. Afadhali zisiwemo katika nyumba yenye watoto wadogo.

Chandarua cha akiba kina sheria yake. Vyandarua hivi vya siku hizi vina dawa ndani ya nyuzi zake, na jua kali huiharibu dawa hiyo. Kwa hiyo kikifuliwa kianikwe kivulini, kikunjwe, kitiwe katika mfuko, kiwekwe mbali na panya. Chandarua kisichofunguliwa hakimkingi mtu na malaria. Kama kuna kitanda kisicho na chandarua, basi hicho si kitu cha kuwekwa akiba.

Masufuria makubwa na sahani za shughuli hutumika mara mbili tatu kwa mwaka, katika harusi na misiba. Yakaushwe motoni kidogo baada ya kuoshwa, yafunikwe kifudifudi juu ya chanja, wala yasiachwe wazi. Na kwa kuwa vyombo hivi huazimwa mtaani kote, kila kimoja kitiwe alama kwa rangi au kwa msumari, na kila kitokapo kiandikwe. Msiba hauna muda wa kutafuta vyombo. Maiti yu ndani, wageni wako njiani, na ninyi mwauliza sufuria ya mchele iko kwa nani.

Majembe, mapanga na mashoka yakanguliwe udongo mwisho wa msimu, yapakwe mafuta, hata yale machafu ya gari yafaa, kisha yatundikwe ukutani, makali yakielekea ndani. Redio, tochi na taa za betri zitolewe betri kabla ya kuwekwa. Betri iliyoachwa ndani huvuja maji yake, ikakila chombo chote. Mbegu za maharage na mahindi zikaushwe vyema, zitiwe katika kopo au mfuko usiopitisha hewa, lijazwe mpaka juu na kufungwa, ili mdudu aliyemo ndani afe kwa kukosa pumzi. Nanyi mwamjua dumuzi, yule aliyetokea Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenea nchi nzima. Huyo hutoboa hata mbao za ghala, seuze gunia.

Mafuta ya taa, dawa za mimea na dawa za panya zisiwekwe kabisa katika chupa ya soda. Mtoto aijua chupa ya soda kwa kazi moja tu. Ziwe katika vyombo vyake vyenye maandishi, mahali pa juu, pa kufungwa, mbali na chakula na mbali na moto.

Hatua ya tatu ni mahali. Kitu kisiguse sakafu, wala kisiguse ukuta. Pangeni matofali manne au mawe, juu yake mbao, ndipo sanduku. Na kila mwezi mulikeni taa chini yake mtazame njia ya mchwa, ile mistari ya udongo ipandayo. Sanduku la bati ni bora kuliko la mbao. Kitumikacho mara moja kwa mwaka kiwe juu na nyuma. Kitumikacho kila mwezi kiwe mbele. Kitakiwacho kwa haraka, kama taa, kiberiti, dawa za huduma ya kwanza na mwavuli, kiwe mahali ambapo mkono utafika gizani.

Hatua ya nne ndiyo iliyotuleta hapa, nayo ni karatasi.

Karatasi ni kitu kisichotumika kwa miaka 20, kisha siku moja hutakiwa kabla ya saa tisa. Kumbukeni mwaka 2017. Baada ya uhakiki wa vyeti, mwezi wa Aprili Serikali ilitangaza ya kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Hatusemi juu ya hao. Twasema juu ya wale wenye vyeti vya haki, ambao katika siku za uhakiki walikesha wakipekua magunia kwa sababu hawakukumbuka cheti cha kidato cha nne kiko kwa nani, kwa mama mkwe au kwa shangazi. Mtu mwenye haki alitoka jasho sawasawa na mwenye hila. Tena mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa, ukapatikana Mfuko mmoja wa watumishi wa umma, yaani PSSSF. Mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea, mwenye karatasi zake za michango ana cha kuonyesha. Asiye nazo ana maneno tu.

Kwa hiyo karatasi zisikae pamoja na blanketi wala sufuria. Ziwe na kopo lao au kisanduku cha bati chenye kifuniko. Kila karatasi itiwe katika mfuko wa plastiki wa kuonyesha, peke yake. Msizigandishe kwa plastiki ya moto vyeti vya asili, kwa maana plastiki ile haitoki tena, na mkaguzi atakaye kuupapasa muhuri hawezi. Zitolewe nakala, nazo zithibitishwe na wakili au hakimu. Nakala seti moja ikae nyumbani, na ya pili ikae mji mwingine kwa ndugu mwaminifu, ili moto mmoja usiunguze zote. Zipigwe picha kwa simu pia, picha hizo zipelekwe katika barua pepe yako na ya mtoto wako mkubwa. Lakini picha haiondoi haja ya karatasi ya asili.

Zipangwe kama tufanyavyo kazini. Faili la kwanza ni la kazi: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo, za uhamisho, na hati za mshahara. La pili ni la jamaa: vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vitambulisho vya Taifa, vyeti vya shule. La tatu ni la mali: hati ya kiwanja, mikataba ya mauziano ya shamba yenye saini za mashahidi, stakabadhi za madeni yaliyolipwa. Kwa mtumishi wa masjala kazi hii ni ya jioni moja. Aibu ni kwamba wengi wetu hatujaifanya katika miaka 15.

Hatua ya tano ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la mazoezi la mwanafunzi, andikeni namba ya kila sanduku, na chini yake vitu vilivyomo. Kibandikeni kipande cha karatasi chenye namba hiyo hiyo juu ya sanduku. Kitu kikitoka, andikeni tarehe na jina la mwenye kukichukua. Kikirudi, pigeni mstari. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Mei mvua zikikoma, na Septemba kabla hazijaanza, toeni vyote nje, mwanike, mlinganishe na daftari. Hiyo ndiyo siku ya ukaguzi wa nyumba, na mkaguzi asiwe baba peke yake.

Hapa twapenda kusema neno ambalo baadhi ya mabwana hawatalipenda. Baadhi yetu tumefanya sanduku la karatasi kuwa siri ya mwanamume. Ufunguo uko mfukoni, na mke ajua tu kwamba “vyote vimo.” Mabwana, mnamficha nani? Siku karatasi hizo zitakapotakiwa kwa haraka kuliko siku zote, ninyi hamtakuwapo. Atakayekwenda mahakamani, atakayekwenda RITA kufuata cheti cha kifo, atakayekwenda kusimama dirishani na mtoto mgongoni, ni yeye. Kila nyumba wawe watu wawili wanaojua: mke na mume, na mtoto mkubwa akiwa na busara awe wa tatu. Mwonyesheni karatasi moja moja, mkimwambia, hii ndiyo ya kuajiriwa, hii ni ya kuthibitishwa, hii watakuuliza, hii hawatakuuliza. Mjane wa mwenzetu hakukosa akili wala bidii. Alikosa saa moja ya kuonyeshwa.

Mwauliza mama yule alipataje haki yake. Tuliandika barua kwa kila kituo ambacho marehemu aliwahi kufanya kazi. Vituo viwili havikujibu. Katika kituo chake cha kwanza, mbali sana na hapa, kulikuwa na karani kijana ambaye hakumjua marehemu, kwa kuwa marehemu alikwisha kuondoka huko kabla ya kijana huyo kuanza shule. Kijana alitazama daftari la zamani la mafaili, akaona namba, akaingia stoo ya mafaili yaliyofungwa, akalikuta faili juu ya rafu ya chuma, limefungwa kwa uzi wake, kavu. Barua zote mbili zilikuwamo. Alitoa nakala, akazigonga muhuri, akazituma kwa basi. Tangu siku tuliyofungua sanduku la mbao hata siku ile ilikuwa miezi 11, na katika miezi hiyo watoto wawili walirudishwa nyumbani kutoka shule. Lakini nakala zilifika.

Mtu aliyeliweka faili lile hakupewa nishani, wala jina lake hatulijui. Vivyo hivyo habari za wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, twazijua leo kwa kuwa walikuwapo watu walioandika, na wengine walioziweka karatasi hizo mahali pakavu.

Basi, Bwana Mwenye Kiti, twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano. La kwanza, kila mwanachama, kabla ya mvua za Oktoba, atengeneze kisanduku chake cha karatasi na daftari lake, na amwonyeshe mwenziwe wa nyumbani. La pili, Chama kinunue kwa fedha ya michango masufuria, sahani na maturubai ya shughuli, viwekwe mahali pamoja chini ya daftari moja, ili si lazima kila nyumba iweke uvunguni sufuria ya watu 100. La tatu, Kamati ichague watu wawili wa kuwasaidia wajane na wagane wa wanachama kufuata karatasi, wala wasingoje kuitwa.

Mama yule yupo hapa mkutanini leo, amekaa nyuma. Ametupa ruhusa kusema habari yake. Asubuhi ya leo alitualika kwake kunywa uji, akatuonyesha uvunguni: matofali manne, ubao, sanduku la bati, na juu yake karatasi yenye namba 1. Mtoto wake mwanamke, wa darasa la sita, ndiye mwenye kulishika daftari. Tulipomwuliza taa iko wapi, alijibu kabla hatujamaliza swali.